Vijiji Nilivyovikwangua kwa Wembe

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa kalamu, nilipewa wembe. Karakana yetu ilikuwa ghorofa ya tatu, juu ya duka la vitambaa huko Saint-Josse, mtaa wa hapa Brussels. Nilipanda ngazi zile nikiwa nimevaa suti niliyofungia ndoa, na diploma yangu ya uchoraji wa ramani kutoka Lubumbashi nimeitia kwenye bahasha. Mkuu wa Wachoraji, Mflamandi mrefu asiyependa maneno mengi, hakuifungua hata hiyo bahasha. Alinionyesha meza, akaniwekea mbele yangu ramani ya mito, akasema nifute mto mmoja bila kumgusa jirani yake.

Nyinyi vijana mnaochora kwa kompyuta mnabonyeza kitufe na kosa linaondoka. Sisi tulichora kwa wino juu ya filamu, yaani karatasi ya plastiki inayopitisha mwanga, tukiilaza kwenye meza ya kioo yenye taa chini yake. Wino ule ukishakauka haufutiki kwa raba. Unaukwangua kwa ncha ya wembe, polepole, kisha unapasugua mahali pale kwa ukucha mpaka parudi kuwa laini. Ukiwa na pupa unaacha kovu, na kovu linatokea kitabuni. Miezi miwili nilikwangua tu. "Mchoraji namjua kwa anavyofuta," Mkuu aliniambia. Siku aliyoinua filamu yangu dirishani asione alama yoyote, ndipo akanipa kalamu.

Kazi yetu ilikuwa vitabu na michezo ya mezani ya watu wanaopenda kujiuliza ingekuwaje. Miaka yangu ya mwanzo nilichora vita ambavyo havikupiganwa na mipaka ambayo haikuwekwa, na nilizoea upesi. Kisha Mkurugenzi akatutangazia kazi kubwa kuliko zote: atlasi nzima ya dola ya Hispania ambayo haikuanguka. Ingekuwaje kama meli za mfalme wa Hispania zingeishinda Uingereza? Ingekuwaje kama Ureno, iliyowahi kuwa chini ya mfalme huyohuyo, isingejitoa? Na Brussels hii, iliyotawaliwa na Wahispania kwa vizazi, kama wasingeiachia?

Tulifurahi sana, siwafichi. Watu wazima walikuwa wakigombana wakati wa kahawa kama liwali wa Brussels angekuwa na makao yake mjini au nje ya mji. Mkuu wa Wachoraji alinuna siku nzima kwa sababu kijiji chake kilipewa padri mpelelezi wa kuwasaka wazushi. Mimi nilicheka kuliko wote. Katika ulimwengu ule hapakuwa na nchi iitwayo Ubelgiji, na kama hakuna Ubelgiji, basi hakuna Mbelgiji aliyefika kwetu Kongo. Nilitembea na wazo hilo kwenye treni ya metro nikitabasamu peke yangu.

Mhariri Mkuu, mama mmoja mwenye akili kali aliyeamua yapi yanaaminika na yapi hayaaminiki, alinipa karatasi ya ishirini na tatu: Afrika ya kati. Wengine hawakuitaka, maana haikuwa na mambo mengi. Kwa hesabu ya atlasi, Wahispania walirithi pwani ya Kongo kutoka kwa Wareno, wakapanda bara kutafuta shaba. Yaliyowapata huko niliachiwa niyafikirie mwenyewe.

Wakati huo mama yangu alikuwa amekuja kuishi nasi Anderlecht, mtaa mwingine wa Brussels, kwenye jengo la serikali, ghorofa ya kumi na moja. Hakujua kusoma, lakini mto wa kwao aliujua kijiji kwa kijiji. Sheria ya karakana ilikataza kupeleka filamu nyumbani. Mimi niliiviringisha ndani ya bomba lake la kubebea Ijumaa moja, nikaitandaza juu ya meza ya jikoni, nikamwambia Mama anitajie. Alitaja vijiji ishirini na sita. Kitobo, Kamwanga, Kwa Mulonga, akishuka na mto, na kila kimoja na tanuri lake la kuyeyushia mukuba, kama tunavyoiita shaba.

"Pale ndiyo babu yako alikuwaka anachoma majiwe," alisema. "Andika muzuri. Batu bajue kama tulikuwako."

Nilikuwa na majivuno ya mkono wangu, kwa hiyo sikuandika pembeni kwanza. Niliweka wino moja kwa moja kutoka kinywani mwake. Nilichora ufalme wa wayeyusha shaba, na Wahispania nikawasimamisha ng'ambo ya mto, wamekwama. Jumatatu nikairudisha karatasi nikiwa na furaha ya bwana harusi.

Mhariri Mkuu aliitazama kwa muda mrefu, Mkuu wa Wachoraji akiwa amesimama nyuma yake. Hakukasirika. Alisema hapa tunabuni, ni kweli, lakini msomaji lazima aamini. Watu walioangusha dola za Meksiko na Peru wangesimamishwa na vijiji hivi? Kisha akaniuliza kwa upole, na upole wake ndio unaoniuma mpaka leo.

"Wewe ni mtu wa kule. Kweli wangeweza?"

Mkataba wangu ulikuwa wa mwaka mmoja mmoja, na ulikuwa unaisha mwezi uliofuata. Kibali changu cha kukaa kilishikwa na mkataba huo, na watoto wangu walishikwa na kibali changu. Ningeweza kusema hayo yote kama udhuru. Lakini Mhariri Mkuu hakunitisha. Aliuliza tu, na angenisikiliza.

"Hapana," nikasema. "Wasingeweza."

Nikachukua wembe mwenyewe. Nilikwangua vijiji vya mama yangu kimoja kimoja, nikasugua kwa ukucha, na juu yake nikaandika majina kutoka orodha ya watakatifu niliyopewa: San Felipe, Santa Inés, San Felipe Mpya. Hakuna aliyeniomba kuchora picha kwenye kona ya ramani, ila niliichora, watu wawili wamepiga magoti wakimtolea liwali vipande vya shaba. Nilitaka kuonyesha kwamba sina kinyongo. Mkuu wa Wachoraji aliinua filamu dirishani, akaitazama mbele na nyuma, akasema, "Safi. Huwezi kujua kulikuwa na kitu." Nilipata mkataba wa kudumu, na jina langu likachapwa mwanzoni mwa kitabu: mshauri wa mambo ya Afrika.

Kitabu kilipotoka Mama alikuwa mgonjwa. Alikipakata magotini, akafunua mpaka nilipomwonyesha.

"Kwetu ni wapi?"

Nikamshika kidole, nikakiweka juu ya San Felipe. "Hapa, Mama. Kitobo." Nikakisogeza kwenye Santa Inés. "Kamwanga." Nilimsomea vyote ishirini na sita, kidole chake kikipita juu ya watakatifu wa watu, na nilipokosea mpangilio alinisahihisha. Wale wawili waliopiga magoti aliwauliza ni nani. Nikamwambia ni wayeyushaji wanapuliza moto. Akacheka kwa furaha.

Tangu siku hiyo kila mgeni aliyekuja baada ya misa alisomewa. Mama alikuwa akiniita kutoka chumbani, nami nikija na uongo wangu kama katekista na kitabu chake. Wengi hawakutazama karatasi, walimtazama yeye. Jumapili moja alikuja Maman Astrida, aliyekuwa mwalimu mjini Likasi, kwetu Kongo, kabla ya kuhamia huku. Alikaa upande wa mkono wangu wa kulia, akafuata kidole tangu mwanzo hadi mwisho. 

"Soma tena, Papa," alisema nilipomaliza. "Mama anapenda kusikia."

Nilisoma tena. Nilipomsindikiza kwenye lifti, hakuingia mlango ulipofunguka.

"Papa, miye nilifundishaka batoto kusoma miaka makumi mbili na mbili. Nimeona yote, na bale batu ba magoti nimebaona." Alisema taratibu, wala hakunifokea. "Sitamwambia. Bon. Lakini majina, uyaandike fasi ingine, mbele mama hajaenda."

Nilimwahidi. Nilikuwa nayo kichwani, niliyasoma kila Jumapili, haraka ya nini? Aibu nayo hukufanya uikwepe kazi inayokukumbusha. Mama alifariki kabla ya Pasaka, kitabu kikiwa kando ya mto wake wa kulalia. Maman Astrida alikuja matangani, akasaidia jikoni, na hakuniuliza.

Nilifanya kazi miaka mingi baada ya hapo. Nilipanda mpaka kiti cha Mkuu wa Wachoraji, nikawafundisha wengine kukwangua, nikasifiwa. Kompyuta zilipokuja nilijifunza kwa shida, wakanivumilia. Siku ya kustaafu kulikuwa na keki na hotuba, kisha Mkurugenzi mpya akaniambia wanasafisha ghala, nichague ukumbusho wowote. Nikachagua filamu ya karatasi ya ishirini na tatu.

Husemwa aibu ya maiti aijuaye mwosha. Mimi ndiye mwosha, na nimewaeleza kwa sababu mnaniuliza kila mara kazi yetu ilikuwaje. Tulikuwa na ruhusa ya kuubadilisha ulimwengu mzima kwa wino. Tuliwapa Wahispania Uingereza, tukawapa bahari zote, hakuna aliyeuliza kama inaaminika. Kwetu tu ndipo palipohitaji ushahidi, na shahidi aliyeitwa ni mimi.

Mwezi uliopita mjukuu wangu alinipigia simu akitaka majina ya vijiji vya mama yangu. Nilikaa na kalamu, nikapata kumi na saba. Nilijaribu kwa siku tatu, nikishuka na mto kama alivyoshuka Mama, na kila mara mapengo yanaanza baada ya Kwa Mulonga. Ndipo nilipoikumbuka filamu. Wembe huacha kovu, nilijiambia, hata mkono uwe mwepesi namna gani.

Niliibandika kwenye kioo cha dirisha mchana, jua likiwa linapiga upande wa kituo cha metro. Nilivaa miwani, nikatafuta kati ya watakatifu, mbele na nyuma. Nilipapasa kwa ukucha. Ilikuwa laini kila mahali.