Yowe la Mwisho wa Santuri

Fundi wa redio hafungi kifuniko kabla ya kuugusa mara tatu waya wa ardhi, ule unaomkinga mtu na shoti, huku akinong'ona, "Upo, upo, upo." Wateja humtania kwamba hata redio ya betri ataitafutia waya huo. Mmoja wao, mtangazaji wa redio, naye alikuwa akicheka, hadi asubuhi alipofuata gramafoni yake na kuijaribu kwa santuri aliyoiokota kwenye rundo la vitu vikuukuu: bendi ya roki ya kizunguzungu ya mwaka sitini na nane, iliyosahaulika kabisa, magitaa yakilia kama yamezama majini.

"Subiri mwisho, Mzee," alisema. "Mwimbaji anapiga yowe sijapata kulisikia popote. Jumamosi nalirusha hewani."

Fundi alikuwa ameinama, jasho likimtiririka. Ghafla mkono wake ukainua sindano, pumzi moja tu kabla ya yowe.

Mtangazaji akamgeukia. "Umejuaje ni hapo?"

"Mwanangu," fundi alisema, vidole vikirudi kuupapasa waya wa ardhi, "maikrofoni ya mwimbaji huyo niliiunga mimi. Waya huu niliusahau."