Dishi Lililopimwa kwa Kaburi

Sijanywa, sijaota, wala sitafuti wateja kwa hadithi. Wateja ninao, na tangu haya yanikute nusu yao wamenuna. Ninachokusimulia kilinitokea mimi mwenyewe, jua halijazama, spana ikiwa mkononi. Ukitaka kubisha, subiri kwanza nimalize.

Mimi ni fundi wa madishi, nakaa Mlandizi. Kwetu ni Mbeya, ni Mkristo, nilikuja huku kikazi nikabaki. Nayasema hayo mapema ili usidhani nilikuwa mtu wa kutafuta mambo ya majini. Mambo niliyokuwa natafuta siku zote ni mawimbi, na hayo tu yalishanitosha.

Basi, kuna karani mmoja wa ofisi pale Kibaha, jina lake Shabani. Mama yake, Bi Zuhura, alikuwa anaishi peke yake Vihingo, huko Kisarawe, kwenye shamba la mikorosho aliloachiwa na marehemu mumewe. Macho ya mama yalikuwa yanafunga. Daktari alishawaambia kwamba hayatarudi, yatazidi tu kufifia. Na huyo mama alikuwa na jambo moja moyoni: kuiona Makka. Mumewe alimwahidi tangu ujana wao kwamba atampeleka, akafa kabla. Sasa Shabani akasema, kama safari imeshindikana, angalau aone siku ya Arafa kwenye televisheni wakati bado anaona chochote. Akaniita mimi.

Ningekuwa na akili ningemfungia dishi la kawaida nikaondoka. Dishi la kawaida linatazama setilaiti moja, basi. Lakini Shabani naye alitaka mpira wake akija wikiendi, na mpira uko setilaiti nyingine. Akanunua dishi la mota. Hilo linazunguka lenyewe: unabonyeza rimoti, linahama kutoka setilaiti hii kwenda ile, mashariki hadi magharibi. Raha tupu likikaa sawa. Kulikalisha sawa sasa, hiyo ndiyo adhabu. Bomba linalolibeba lisimame wima kabisa, na mota itazame kaskazini kamili. Ukikosea kidogo utazipata setilaiti za katikati, zile zilizo karibu na utosi, halafu za pembeni zinakukimbia. Na chaneli ya Makka ilikuwa pembeni, upande wa magharibi.

Bomba nilikuwa nimelisimika siku chache nyuma ili zege likauke. Nikarudi siku moja kabla ya Arafa, pikipiki imebeba dishi na mimi nimebeba vumbi lote la ile barabara. Shabani alikuwa kazini, angefika jioni. Kwa hiyo tulikuwa wawili tu, mimi nje na Bi Zuhura ndani mbele ya televisheni.

Kaskazini nitaipataje? Dira yangu nilimwazima fundi mwenzangu, hadi leo hajaniletea. Dira ya simu, ukiisogeza karibu na bomba la chuma na paa la bati, kila dakika inakuonyesha kaskazini mpya. Sasa sikiliza ujanja wa mafundi wa huku. Kwetu hapa kibla ni kaskazini, karibu kamili. Fundi asiye na dira anatafuta msikiti, anasoma kibla chake, anaseti mota. Msikiti ukiwa mbali, anatafuta kaburi la Mwislamu. Maiti hulazwa ubavu wa kulia, uso umeelekea kibla, kwa hiyo kaburi lenyewe linalala mashariki na magharibi. Unanyoosha uzi ubavuni mwa kaburi, unaweka skwea ya seremala, kaskazini unayo. Nilishafanya hivyo mara nyingi, na sikuwahi kuomba ruhusa kwa mtu. Ningemwomba nani?

Kaburi la mume wa Bi Zuhura lilikuwa palepale pembeni ya uwanja, limejengewa sementi vizuri, kingo zimenyooka. Nikafunga uzi, nikaweka skwea, nikaseti mota, nikakaza nati. Nusu saa tu, nikajiona fundi kweli.

Setilaiti ya katikati ikakamata mara moja. Ya magharibi ikagoma.

Nikapima bomba kwa pimamaji: wima. Nikapima upande wa pili: wima. Nikabadilisha kebo. Nikashuka, nikapanda, nikashuka. Unajua kazi hii inataka mtu ndani akupe taarifa, nawe nje unasogeza. Msaidizi wangu wa ndani alikuwa mtu ambaye macho yanafunga. Namuuliza, "Bibi, imekuja?" Ananijibu, "Sioni kitu, mwanangu." Sasa hajaona kitu kwa sababu ya dishi au kwa sababu ya macho? Inabidi niache spana, nivue viatu, niingie ndani, nitazame mwenyewe, nitoke, nivae viatu. Nilifanya hivyo zaidi ya mara ishirini, niamini. Na kila nikiingia namkuta amekaa wima kwenye mkeka, kajifunika kanga, uso karibu kabisa na kioo, anasubiri. Hakulalamika hata mara moja, na hilo ndilo lililokuwa linaniumiza zaidi.

Halafu kuna washauri. Funga dishi popote Tanzania, watu watatokea wakusimamie nyuma wakufundishe kazi. Aliyekuja na jembe ananiambia nishushe kidogo. Aliyekuja kuomba maji ananiambia binamu yake anayekaa kijiji cha Janga aliliweka juu ya paa likakamata. Mpaka alasiri nilikuwa nimeshauriwa na kijiji kizima. Walipoondoka wote nikamshukuru Mungu kwa sauti.

Sikumaliza hata kushukuru, nikasikia nyuma yangu, "Kijana, umekosea kidogo."

Nikatoa shikamoo bila kugeuka. Akaitikia marahaba, taratibu, kisha akarudia. "Umekosea. Hapo si kibla."

"Mzee, mimi sisali hapa," nikamwambia. "Nafunga dishi."

Ndiyo, nilimjibu hivyo mtu mzima. Ungekuwa wewe saa hiyo ungejibuje? Nikageuka nimtazame. Alikuwa mzee mrefu, msuli na kanzu nyepesi, kofia kichwani. Shingo yake ilikuwa imepinda kidogo, ya mtu aliyelala vibaya. Na alikuwa amejaa udongo mwekundu upande mmoja tu, wa kulia: shavu, bega, ubavu, mpaka kifundo cha mguu. Kushoto alikuwa safi. Nikasema moyoni, huyu alijilaza chini ya mikorosho akapitiwa na usingizi, kaamka kaniona, kapata pa kupotezea muda. Hayo ndiyo yote niliyoyawaza. Hasira inapofusha kuliko ugonjwa wa Bi Zuhura.

"Umepimia kwangu," akasema, "na kwangu walikosea. Sogeza vidole vinne, kuelekea mashariki."

Nikaona haya sasa ni ya mipaka ya shamba. Nikamwambia kama ana ugomvi wa mpaka amsubiri Shabani, mimi ni fundi tu, kesho ni Arafa na mama wa watu yuko ndani hajaona kitu. Nilipotaja mama wa watu, akautazama mlango wa nyumba kwa muda mrefu.

Ili anione niko kazini nikachomoa kebo ya mota nijifanye naisafisha. Kebo mkononi mwangu, umeme hamna, mota ikalia. Krrr. Ikageuka kidogo, ikasimama. Nikaichungulia kebo: iko mkononi. Krrr tena. Unajua nilichofanya? Nilitukana kiwanda kilichotengeneza ile mota. Sikuogopa hata kidogo, nilichoka tu.

Yule mzee akasogea, akaishika mota kwa mkono mmoja pale ilipobana bomba. Zile nati nilikuwa nimezikaza kwa spana mpaka mishipa imenitoka. Yeye aliigeuza polepole, bila nguvu, upana wa vidole vinne, akaiacha.

"Mwambie Zuhura atazame," akasema. "Nilimwahidi."

Nikachukia zaidi, nikuambie ukweli. Bibi mzima, wewe unamwita Zuhura tu? Nikachomeka kebo kwa hasira, nikabonyeza rimoti kupitia dirishani ili nimwonyeshe kwamba hakuna alichofanya. Dishi likaondoka katikati, likaenda magharibi, likatulia. Kisha Bi Zuhura akaniuliza kwa sauti ndogo, "Fundi, wale ni watu wamevaa nguo nyeupe?"

Niliingia na viatu vyangu. Ilikuwa Al-Kaaba, imeonekana safi kabisa, na watu wanaizunguka. Yule mama alikuwa ameweka kiganja kwenye kioo, machozi yanateremka, wala hafuti. Na mimi nikalia, sina haya ya kusema.

Nikatoka kumwomba radhi mzee wangu. Uwanja ulikuwa mtupu. Nikazunguka nyumba, nikaangalia kwenye mikorosho, hakuna mtu. Nikarudi ndani nikamwambia Bi Zuhura kwamba kuna mzee kanisaidia, amshukuru kwa niaba yangu, na pia amwambie aache kulala chini, udongo umemjaa upande mzima wa kulia na shingo imempinda.

Hakuondoa macho kwenye televisheni. Akaniuliza, "Alisemaje?"

Nikamwambia: kwamba nimepimia kwake, na kwake walikosea. Na kwamba alimwahidi.

Ndipo aliponieleza. Mumewe alizikwa kwenye masika, mvua inamwagika, shimo linajaa maji. Wachimbaji waliharakisha, wakafuata ukuta wa nyumba badala ya kupima kibla. Yeye aliona kutoka mlangoni kwamba limekwenda upande. "Nikasema," aliniambia. "Wakanijibu mwanamke hana neno mazikoni. Miaka yote hii namwota analalamika shingo."

Hapo ndipo nilipokaa chini kwenye mkeka. Uzi wangu ulikuwa bado umefungwa kwenye lile kaburi. Nilikataa kwenda kuufungua. Aliufungua Shabani alipokuja, na skwea yangu niliiacha kulekule.

Bi Zuhura aliiona Arafa yake, kuanzia asubuhi mpaka jua linazama, na saumu yake mdomoni. Mwezi wa nne baada ya hapo macho yalifunga kabisa. Shabani akanipigia: dishi lina hitilafu, kila jua likizama linageuka lenyewe, linatazama kaskazini dakika chache, kisha linarudi. Nikaenda kwa uchovu nikitaka kubadilisha mota. Bi Zuhura akanikataza. Alisema haoni tena, lakini akiisikia ile krrr anajua muda wa swala umeingia, na anajua hayuko peke yake. Nikafunga begi langu nikaondoka.

Mwaka jana alifariki. Nilifikiri naitwa kwenda kushusha dishi. Kumbe alikuwa ameacha usia: kaburi lake lisichimbwe mpaka aje yule fundi wa Mlandizi na dira yake. Fikiria hilo. Mkristo wa Mbeya nimesimama katikati ya wanaume wa Vihingo, nimeshika dira mpya na uzi. Walikuwa wameshaanza kuweka alama sambamba na kaburi la mumewe, wakaniambia hapo tu panatosha, wakae pamoja. Nikawaambia hapana. Walinuna, mmoja akaniuliza mimi kibla nakijulia wapi. Nilinyoosha uzi wangu. Shabani akasema, "Mama alishanyamazishwa mara moja hapa hapa. Pimeni anavyotaka fundi." Wakachimba. Leo ukipita utaona makaburi mawili yasiyolingana, na utadhani la mwanamke ndilo lililokwenda upande.

Tangu siku hiyo dishi la Vihingo halijageuka tena lenyewe.

Ya kwangu mengine ndiyo yanageuka. Kila mota niliyofunga tangu siku ile ya mzee, iwe Kibaha, iwe Mlandizi, jua likizama inaelekea kaskazini dakika chache kisha inarudi. Mechi nyingi zinachezwa muda huohuo, kwa hiyo unaweza kukisia simu ninazopokea. Nimebadilisha mota, nimebadilisha ving'amuzi, nimeeleza mpaka koo limekauka. Na kuna watu wa Janga sasa wananiita niwapimie makaburi. Mimi ni fundi wa madishi, jamani.

Kwa hiyo wewe unayefunga dishi, nakuonya. Nunua dira, na usimwazime mtu yeyote. Usipimie kwa mtu aliyelala bila kumwomba ruhusa, maana hujui yeye alilazwaje. Na mzee akikusimamia nyuma akakuambia umekosea kidogo, usimjibu ovyo. Geuka kwanza, umwangalie ubavu wake wa kulia.