Dada Anapofuta Miwani

Dada yangu ni wakili wa kesi za kazi na za biashara, na mpaka leo ukiniuliza yuko upande wa nani nitakuna kichwa. Alianza kama karani katika ofisi ya chama cha wafanyakazi, akasoma sheria jioni baada ya kazi, kisha akaajiriwa na mawakili wanaotetea makampuni. Wiki hii yuko na mpishi aliyefukuzwa hotelini, wiki ijayo yuko na mwenye hoteli nyingine anayegombana na mshirika wake. Mama hujigamba kwa majirani kwamba binti yake ni mwanasheria. Wakimwomba afafanue, anabadilisha mazungumzo.

Kila Jumapili dada huja nyumbani kunyoosha nguo zake, maana pasi yetu anaipenda kuliko yake, na mimi ndiye shahidi wake wa mazoezi. Ananiuliza swali, najibu, kisha ananyamaza. Anavua miwani, anaifuta kwa pindo la blauzi, taratibu kabisa, utadhani mimi simo chumbani. Basi mimi kimya hakinikai. Naongeza maneno, mara najipinga mwenyewe, naye anacheka.

"Nikinyamaza, mdogo wangu, na wewe nyamaza," huniambia. "Umeshajibu. Unaongeza nini?"

Ndipo kiwanda cha uchapishaji kikanifukuza. Walidai niliiacha mashine inazunguka bila mtu, karatasi zikasongamana, rola ya kuvuta karatasi ikavunjika. Kweli nilitoka, lakini msimamizi ndiye aliyeniita mlangoni kupokea mzigo, na sasa alikuwa anakana.

Nilikwenda moja kwa moja ofisini kwa dada. Nilipokitaja tu kiwanda, akainua mkono. Akasema ofisi yao ndiyo inayokitetea, kwa hiyo nisimweleze neno zaidi. Yeye hataligusa faili hilo, wala kunisimamia mimi hawezi. Niende chama cha wafanyakazi. Akanifungulia mlango mwenyewe.

Nilibaki kwenye ngazi nimeduwaa. Tumenyonya ziwa moja, halafu ananitoa ofisini kama mgeni asiye na miadi? Mwavuli niliusahau kwake, na ingawa mvua ilikuwa inanyesha sikukubali kuurudia.

Kwenye baraza la usuluhishi nilisimamiwa na mzee wa chama, mtu mwenye moyo mzuri na faili lililovurugika. Upande wa pili alikuja wakili mmoja wa ofisi ya dada, ambaye dada ndiye aliyemfundisha kazi. Akaniuliza kama niliiacha mashine. Nikasema ndiyo, niliitwa na msimamizi. Akanyamaza. Akavua miwani, akaanza kuifuta kwa ncha ya tai.

Nilitaka kucheka na nilitaka kulia. Ulimi uliniwasha. Nikauma meno, nikakodolea macho feni ya darini, mpaka yeye ndiye akachoka, akakaa.

Zamu ya msimamizi ilipofika, mzee alimuuliza kama aliniita. Akakataa. Mzee alishafungua kinywa kuuliza jingine, nikamvuta shati.

"Usiseme kitu, mzee," nikamnong'oneza. "Tulia tu."

Alinitazama akidhani nimechanganyikiwa, lakini akatulia. Msimamizi akakohoa. Akasogeza kiti.

"Yaani, kumwita nilimwita," akasema, "lakini sikumwambia aache mashine inazunguka."

Mwenyekiti wa baraza akainama, akaandika. Uamuzi ulipotoka, nilirudishwa kazini.

Jumapili dada alikuja na nguo zake na mwavuli wangu. Sikujua nimshukuru au nimnunie. Mtu wake alikuwa ameshindwa kwa mbinu yake mwenyewe. Alifurahi? Alikasirika? Uso wake haukuniambia kitu. Akaichomeka pasi, akasubiri ipate moto.

"Ulinichukia siku ile?" akauliza.

"Hapana."

Akavua miwani, akashika pindo la blauzi, akaanza kuifuta.

Nilijua kabisa anachofanya. Nikatazama juu, lakini kwetu hakuna feni.

"Kidogo," nikasema. Halafu nikasema yote: mvua ile, na jinsi nilivyomkataza mama asimtajetaje mbele yangu, na jinsi nilivyolia pale kwenye ngazi, mtu mzima na ndevu zangu, kwa sababu aliufungua ule mlango upesi mno.

Safari hii hakucheka.