Kilio cha Chuma

Pale kwa dobi walimwita Chuma, na si kwa sababu ya pasi tu. Mvuke umuunguze, mteja amtukane kwa doa alilokuja nalo mwenyewe, jicho la mwanamke yule lilibaki kavu. Hakuna aliyejua kwamba kabla ya kuhamia mtaa ule alimzika bintiye wa pekee, mtoto aliyekuwa ndiyo kwanza anajua kufunga vifungo. Siku ya mazishi mashangazi walimzingira. "Jikaze mwanetu. Ukilia wewe, mumeo atafanyaje?" Akajikaza. Kilio kikamganda kifuani, kikafanya maskani humo.

Ndipo wakaja watu wa filamu, wakitafuta umati wa kukimbia volkano. Wanawake wa kwa dobi wakaenda wote. Majivu yalikuwa karatasi zilizosagwa, na mlima wenyewe haukuwepo. Waliambiwa watazame paa la ghala na waogope.

"Tuogope mabati?" aliuliza shoga yake Chuma wa meza ya pili, aliyeitwa Redio kwa kuwa maneno hayamwishi.

Jioni, wengine walipokwenda kunawa, msaidizi wa mwongozaji alimbakiza Chuma mbele ya kinasa sauti. "Mama, fikiria jambo baya kuliko yote yaliyowahi kukupata. Ukiwa tayari, lia."

Chuma akafumba macho. Kilichotoka kiliwafanya hata wabeba taa waweke taa chini. Msaidizi alijifuta machozi. "Mama, hiki tutakiheshimu. Nakuahidi."

Aliamini, masikini. Siku zote zilizofuata alikuwa akipiga pasi huku anaingoja filamu ile, maana hatimaye mwanawe angeliliwa mbele ya watu.

Ilipofika, bango lilijaa nyuso maarufu hata mlima ukakosa pa kukaa. Wanawake wa kwa dobi walishika safu nzima ukumbini. Lo! Waliuziwa mbuzi kwenye gunia. Mlima ulitapika kitu cha rangi ya sosi ya nyanya. Nyota wa kwanza alikimbia na nywele zimechanwa vizuri, wa pili akatoa hotuba huku anaungua, wa tatu akafa kabla watu hawajajua alikuja kufanya nini. Umati wote ulionekana migongo tu. Ukumbi ukaanza kucheka, na ulipoanza haukunyamaza tena.

Kisha nyota mkubwa kuliko wote, bibie mwenye hereni, alimwona mbwa wake akiteleza kwenye lava. Akapanua kinywa. Kikatoka kilio cha Chuma.

Chuma alikitambua kabla hakijafika katikati. Ilikuwa sauti yake, na mle ndani, mahali pumzi ilipokatika, lilikuwemo jina la mtoto, nusu yake. Walikuwa wamemnyang'anya mwanawe kilio chake wakampa mbwa. Ukumbi mzima ulipasuka kwa kicheko. Mtu wa nyuma akakiigiza kilio kile, na watu wakampigia makofi. Chuma alitaka kusimama awaambie wanyamaze.

Redio alikuwa amejishika mbavu, machozi yanamtiririka. Akamwegemea begani. "Jamani, shoga yangu! Kilio gani kile? Hata aliyefiwa na mtoto halii hivyo!"

"Analia," Chuma akasema. "Ndivyo anavyolia."

Redio akageuka amcheke yeye pia. Akamwona uso, na maneno yakamwishia.