Majani Matatu Mara Arobaini

Kuna siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka masikio hupata joto hadi leo. Nilikuwa mchora mabango pale mjini Manyatta, kijana, kichwa kimenivimba. Akina mama wakulima wa chai wa Kibugu walikuwa wanafungua ofisi ya kikundi chao, wakaniagiza kitambaa cha kutundika nyuma yao wakipigwa picha, chenye nembo yao, chipukizi la chai. Picha hiyo wangeitundika ofisini.

Nisijinyime sifa, nilitumia akili. Nembo moja kubwa ingezibwa na watu, kwa hiyo nilikata kiolezo cha karatasi ngumu nikapiga kwa rangi nembo ndogo arobaini, ili hata wakibanana nyingine zichungulie kati ya mabega. Ila mimi ni wa Mbeere, kwetu ni mtama na mbuzi. Chai niliijua kikombeni tu.

Asubuhi ya sherehe mwenyekiti wao, Cucu Rwamba, yaani Bibi Rwamba, alikitazama kitambaa, kisha akanivuta kando wenzake wasisikie.

"Kijana, hii ni majani tatu. Sisi tunachuma majani mbili na ile changa ya katikati. Hii yako karani wa kituo cha kununua chai angerudisha yote. Mbona hukuuliza?"

"Niliona aibu, Cucu."

"Aibu ya kuuliza inaisha jioni. Hii ingekaa kwa ukuta mpaka wajukuu watucheke."

Jogoo wa shamba hawiki mjini, husema wahenga. Mimi kwa kazi nilikuwa jogoo wa mjini, na shambani nikashindwa kuwika.

Wageni walikuwa njiani. Cucu hakunikemea tena, alinipa kikapu tukaingia kwenye chai yenye umande, akanionyesha: mawili na chipukizi, vunja, usivute. Tukarudi tukabandika machipukizi hayo kwa pini, moja juu ya kila nembo. La thelathini na tisa lilipobandikwa, pini zikaisha. Nembo moja ikabaki wazi, usawa wa kifua, na mpiga picha alikuwa tayari anawapanga watu.

Cucu Rwamba akaenda akasimama mbele ya nembo hiyo akaiziba, akanyoosha mgongo, akatabasamu. Nilimpenda mama yule siku ile, na nampenda bado.

Basi, mwanangu, kuuliza si ujinga. Kabla hujachora kazi ya mtu, nenda ukaishike kwa mkono wako. Na ukiona kosa la kijana, mwambie kando, kisha msaidie. Mungu aibariki mikono yako, na siku utakayokosea, akupe mtu wa kusimama mbele ya kosa lako.