Wikendi Tuliyomficha Shangazi

Mume wangu alikuwa fundi wa trekta katika shamba moja la ngano kule Timau, nami nilikuwa mwalimu wa darasa la pili. Tulikuwa na miaka sita ya ndoa na watoto wawili, na hatukuwa tumewahi kulala nje ya nyumba yetu isipokuwa kwenye matanga au harusi za watu. Mavuno yalipokwisha, mwanzoni mwa miaka ya sabini, alirudi jioni moja makapi yakiwa bado kwenye nyusi, akasema, "Mama watoto, twende Nyeri siku mbili. Bila sababu."

Hilo la bila sababu ndilo lililonipendeza.

Nyeri ndiko alikokulia. Alinisimulia maduka ya zamani ya mawe, barabara zinazopanda na kushuka, na hoteli moja ya tangu enzi ya wakoloni, iliyokaa mteremkoni juu ya mji. Alipokuwa mtoto, Mwafrika hakuingia humo ila awe amevaa aproni. Sasa uliandika barua tu, ukawekewa chumba. Aliiandika mara tatu. Ya kwanza ilisomeka kama ombi la kazi, na ya pili kama ya kuomba msamaha. Ya tatu niliiandika mimi. Jibu lilipofika alilibeba mfukoni wiki nzima, akiwaonyesha mafundi wenzake mpaka karatasi ikapata mafuta ya trekta.

Tatizo lilikuwa shangazi yake. Ndiye aliyemlea baada ya mamake kufariki, na aliishi pale pale Nyeri, karibu na soko. Kulala hotelini katika mji ambao shangazi yako ana kitanda ni matusi. Lakini tukimwambia, tutalala kwake, nitachambua sukuma wiki kuanzia asubuhi, naye mume wangu atatengeneza kila kitu kilichovunjika tangu harusi yetu.

"Basi tusimwambie," nilisema.

Akanitazama kama mtu aliyependekezewa wizi. Kisha akachukua daftari kuukuu la mwanafunzi wangu, akachora mji wote nyuma yake. Soko akalizungushia duara. "Hapa hatupiti. Na hii barabara ya kanisa, hapana. Hapa kwa fundi viatu pia hapana, ni rafiki yake." Alipomaliza, ilibaki hoteli, njia moja ya kupanda mlima na kituo cha basi. Tulicheka mpaka watoto wakaamka.

Ijumaa iliyofuata tuliwaacha watoto kwa mama yangu, tukapata lori la shamba hadi Nanyuki, kisha basi. Mume wangu alishuka Nyeri na kofia imeshuka mpaka masikioni. Tukapanda kwenda hotelini kwa njia ya nyuma.

Chumba kilikuwa na kitanda kirefu kwenda juu, mahali pa kuotea moto, na bafu lenye maji ya moto. Nilioga hadi vidole vikakunjamana. Asubuhi ya Jumamosi tulikaa barazani, mlima mbele yetu hauna hata wingu, tukiletewa chai na mayai na mtu aliyeniita madam. Nikamwambia mume wangu kwamba mwanafunzi wangu mmoja aliandika kazi ya baba yake ni "kulala". Akacheka. Mume wangu akicheka, hata mtu wa ng'ambo ya bonde hugeuka.

Mlango wa jikoni ukafunguka. Akatoka mwanamke mwembamba, leso kichwani, kikapu cha mayai mkononi. Hatukujua kwamba Shangazi ndiye aliyekuwa akiiuzia hoteli mayai.

Hakutusalimia. Aliuliza, "Ni nani ako hospitali?"

Mimi ni Mmeru, yeye Mkikuyu, na ingawa lugha zetu ni majirani, kila mmoja aliiona ya mwenzake imepinda, hivyo mbele yangu alisema Kiswahili.

"Hakuna mtu, Shangazi," mume wangu akasema, amesimama, kofia mkononi.

"Ni nani amekufa?"

"Hakuna. Tumekuja kupumzika."

"Kupumzika? Kwani Timau hakuna viti?"

Nilitamani sakafu inimeze. Nikasema, "Shangazi, kosa ni langu. Mimi ndiye niliyesema tusikuambie." Nikamvutia kiti. Alikitazama kwanza, kisha akaketi ukingoni, kikapu mapajani. Mhudumu akamwekea kikombe. Akanywa. Akatazama mlima, nguzo za baraza, maua.

"Hii hoteli naijua tangu wakati wa wazungu," akasema mwishowe. "Jikoni yake naijua kama yangu. Lakini hii upande ya mbele, ati ndiyo naiona leo." Akaweka kikombe chini. "Hiyo kitanda mnalala, iko namna gani?"

Tukampeleka chumbani. Alibonyeza godoro kwa kiganja, akaketi, akaruka-ruka kidogo, akafungua bomba na kuweka mkono kwenye maji ya moto hadi nikaogopa atajichoma. Kisha akaenda dirishani, akachungulia mji. "Ile mabati ya kutu," akasema, "si ndiyo yangu?" Ilikuwa yake, ndogo kama kiberiti huko chini.

Nilimtazama mume wangu, naye akanitazama.

"Shangazi," nikasema, "lala hapa leo na mimi."

"Na kuku zangu?"

Mume wangu akashusha pumzi. "Nitaenda mimi."

Shangazi hakusubiri aulizwe mara ya pili. Alimpa ufunguo, akamwambia jogoo mweupe ni mkali na mlango wa choo umeng'oka bawaba.

Basi mume wangu alilala sokoni, nasi wawili tukalala mlimani. Shangazi alioga akiimba nyimbo za kanisa kwa sauti ya juu, akavaa gauni langu la kulalia, akanisimulia visa vya utoto wa mume wangu ambavyo yeye mwenyewe hajawahi kukiri. Nilikuwa nimemwogopa miaka sita. Usiku ule niliumwa mbavu kwa kicheko.

Jumapili mume wangu alipanda kutuchukua, ana mkwaruzo wa jogoo mkononi na vumbi la randa kwenye suruali. Mlango ulikuwa umetengenezwa. Shangazi akatusindikiza hadi kituoni kwa barabara ya kanisa, akimsimamisha kila mtu amwambie alikolala. Basi lilipowashwa alimwambia mume wangu jambo kwa Kikuyu cha haraka, nisilishike. Mume wangu alikataa kunitafsiria mpaka tulipofika Naro Moru.

"Amesema mwaka ujao uje peke yako," akaniambia, akitazama nje. "Mimi nibaki na ngano."

Na mwaka uliofuata nilienda.