Gari la Breki Mbili

Gari la Mzee wa Mita lilikuwa na breki mbili, moja yake na nyingine ya mkewe, na mtaa mzima ulijua ni ipi iliyokuwa na sauti nyumbani.

Jina la Mzee wa Mita alilipatia kazini. Ujana wake aliumaliza kwa miguu, akiingia nyua za watu kusoma mita za maji, akifukuzwa na mbwa wasiojua tofauti ya mtumishi na mwizi. Kwa hiyo shule moja ya udereva ilipofungwa na magari yake kuuzwa, alinunua mojawapo bila maswali mengi. Watu walimwambia injini imechoka. Akajibu kwamba yeye pia amechoka, na kwamba hatafuti gari zuri, anatafuta mahali pa kukaa.

Lilikuwa gari dogo jeupe. Nyuma, pale herufi zilipobanduliwa, kivuli cha neno "mwanafunzi" kilibaki kikisomeka vizuri, na majirani wakaliita hivyo hivyo, Mwanafunzi. Mzee alilipenda kupita kiasi. Alikuwa na taulo mbili, na ile nzuri ilikuwa ya gari. Usiku alilifunika kwa shuka la chumba cha wageni, na wageni wakija walipewa khanga.

Upande wa abiria kulikuwa na pedali ya breki, ile ya mwalimu kumwokoa mwanafunzi asiue watu. Mzee alikusudia kuing'oa. Lakini siku ya kwanza mkewe alipoketi pale, mguu wake uliigusa, ukaipima, ukaridhika.

"Hii inabaki," akasema.

Mkewe alikuwa matroni wa bweni la wasichana, na hata nyumbani aliitwa Matroni. Mungu humpa kila mja karama yake, naye alipewa ya kusimamisha watu. Alisimamisha wasichana uani, wavulana dirishani, na mara moja mhubiri mgeni aliyetaka kuendeleza mkesha baada ya saa ya kuzima taa. Alipoingia garini alivua kiatu cha kulia, akapakata mkoba, akaweka kisigino mahali pake. Kikisikika tap, gari linasimama.

"Baba watoto, kuna kuku."

"Nimemwona."

"Umemwona baada yangu."

"Hata kuku mwenyewe amejiona baada yako."

Barazani Mzee alilalamika kwa kujigamba, kama wanavyolalamika watu waliooa vizuri. "Mimi nimeachiwa idara ya mafuta tu," alisema. "Breki ni wizara ya mama watoto."

Kisha Matroni akafa. Presha ilimchukua asubuhi moja akiwa amekwisha kupiga pasi sare yake na kuitundika mlangoni. Sisi ni wa Mungu, na kwake tunarejea. Alizikwa, watu wakatawanyika, na Jumapili iliyofuata Mzee akavaa shati lenye kola ngumu, akaondoka peke yake na Mwanafunzi kwenda kanisani.

Alilipita kanisa. Alilipita polepole, kwaya ikimpungia mikono, naye akiwapungia. Akapita soko. Barabara ikamfikisha kwenye ukuta wa kanisa la madhehebu mengine, na gari likazimika lenyewe mlangoni. Kwa kuwa alikuwa amekwisha kuvaa, na kuondoka ingekuwa utovu wa adabu, aliingia akasali nao hadi mwisho. Walipofika kwenye matangazo walimkaribisha kama muumini mpya. Aliporudi nyumbani aliigonga nguzo ya geti, nguzo ikalala chini, na taa moja ya gari ikafumba jicho.

Binti yake mkubwa, muuguzi, ambaye alikuwa hajarudi kwake tangu msiba, alitoka akaitazama nguzo. Hakupiga kelele. Alichomoa ufunguo, akautia mfukoni mwa sare.

"Baba, nisamehe. Lakini wewe hujawahi kuendesha gari hili peke yako. Mlikuwa wawili."

Hata Mzee mwenyewe aliamini hivyo. Nusu ya dereva ilikuwa kaburini. Simu zilipigwa kwa ndugu walioko mbali, ikakubalika gari liuzwe kabla hajaua mtu au kujiua. Yeye aliomba jambo moja tu: lisiende kwa mtu wa peke yake. Liende kwa watu wawili wawili. Kutembea kwa miguu hakukumtisha, alikwisha kuzoea. Kilichomkosesha usingizi ni kile kiti cha kushoto, na mahali pale zulia lilipotoboka kwa kisigino cha mkewe. Nguo zake zilikwisha kugawiwa. Kitanda kilikwisha kubadilishwa godoro. Palipobaki ni pale.

Mnunuzi akapatikana, mwalimu wa udereva mwenye shule yake mwenyewe. Alikuja mchana, na fundi akaitwa awe shahidi. Huyu fundi aliitwa Spana, na ndiye pekee aliyewahi kuligusa gari lile tangu linunuliwe. Binti alisimama barazani na sare yake, akisubiri pikipiki ya kumpeleka kazini zamu ya jioni. Ilikuwa imechelewa.

Mwalimu aliketi kushoto. Mzee akapewa ufunguo, akaombwa alisogeze gari taratibu hapo uani ili breki ya pili ijaribiwe. Akalisogeza. Mwalimu akakanyaga. Gari likaendelea. Mwalimu akakanyaga tena kwa mguu wa mtu aliyelipia viatu vyake.

"Simama!" akapiga yowe.

Mzee akasimama, tangi la maji likiwa pua kwa pua na boneti.

"Mzee, hii breki ni ya urembo?"

"Kijana, hiyo breki imelisimamisha gari hili kuliko yangu."

"Hii haijasimamisha hata baiskeli."

Spana alikohoa, akatazama mawingu kama mtu anayetarajia mvua. Mzee alimwona.

"Spana. Funua zulia."

Spana akafunua. Pedali ilikuwepo na springi yake, ikishuka na kupanda vizuri, lakini kile chuma cha kuiunganisha na breki ya dereva hakikuwepo. Matundu yake yalikuwa yamejaa kutu ya zamani.

"Nani ameniibia chuma?"

"Hakikuibwa, Mzee. Nilikitoa mimi."

"Kwa amri ya nani?"

"Ya nani tena, Mzee? Gari hili lilikuwa na amri ngapi?"

Ndipo akaeleza. Siku moja kwenye barabara kuu Matroni aliona mfuko wa plastiki akadhani ni mtoto, akakanyaga breki, na lori lililokuwa nyuma likaponea chupuchupu kuwapanda. Mzee aliikumbuka siku ile. Dereva wa lori aliwatukana mpaka matusi yakamwishia, akaanza kuyarudia ya mwanzo. Kesho yake Matroni alikwenda gereji kwa miguu.

"Akaniambia, 'Spana, toa hicho chuma nisije nikamuua mume wa watu.' Nikamuuliza mume wa nani. Akasema, 'Wangu, mjinga wewe.' Nikamwambia basi niing'oe na pedali. Akakataa. 'Pedali iache. Mguu wangu nitauweka pale pale. Akiusikia atasimama mwenyewe.' Akaniapisha nisikwambie, kwamba ukijua haishiki utaanza kubishana na mguu wake."

"Ilikuwa lini?"

"Kitinda mimba wenu alikuwa hajaanza shule."

Kitinda mimba wao sasa alikuwa na ndevu na watoto.

Mwalimu wa udereva alijipangusa magoti ingawa hayakuwa na vumbi.

"Alisema nini kingine?" Mzee akauliza.

"Alisema nikaze kiti chake, kinacheza."

"Ukakikaza?"

"Nilikikaza."

"Vizuri."

Mwalimu aliaga kwa heshima. Alikuja kununua gari la breki mbili, akasema, na hili lina moja, Mungu awafariji. Akaondoka.

Binti alishuka barazani, akaja akainama dirishani.

"Kumbe mguu ulikuwa wako, Baba."

"Inaelekea."

"Lakini macho yalikuwa ya Mama. Na nguzo je? Na kanisa?"

"Jumapili ile nilikuwa nausubiri mguu," Mzee akasema. "Nilitazama pale chini njia nzima. Mtu hawezi kutazama chini na mbele kwa wakati mmoja."

"Na sasa?"

"Sasa najua hauji."

Binti alitazama saa, akatazama barabara. Pikipiki haikuonekana. Angeweza kunyoosha mkono akauchukua ufunguo kama alivyouchukua siku ile. Badala yake alizunguka upande wa pili, akafungua mlango, akaketi pale ambapo hakuna mtu wa nyumba ile aliyekuwa amethubutu kuketi tangu msiba. Miguu yake aliikunja chini ya kiti.

Wakatoka.

"Baba, lori."

"Nimeliona."

"Baba, yule mama ana mtoto mgongoni."

"Na ndoo kichwani, nimeviona vyote. Mama yako hakuwa mtu wa maneno."

Njia panda Mzee akasimama, akatazama kulia, akatazama kushoto, akatazama kulia tena, mpaka wa nyuma wakapiga honi. Sokoni akawapisha wasukuma mikokoteni. Wala hakutazama chini hata mara moja, ingawa shingo ilimuuma kwa kujizuia. Walipofika hospitali alilisimamisha gari sambamba na geti, karibu na ukingo, bila kuugusa.

Binti hakushuka.

"Umefika, mwanangu. Unachelewa." Alipogeuka akamwona anajifuta uso kwa kola ya sare. "Kulikoni? Nimesimama vibaya?"

"Hapana, Baba. Umesimama vizuri."

"Basi shuka," Mzee akasema. "Nikufuate saa ngapi?"